Somo la Kikundi: Ugumu na Ukakamavu

Somo la mara hii linataka mikono pamoja na masikio. Kabla ya kuanza kusoma, mwenyekiti amtume mtu alete vitu hivi: kipande cha chaki, kijiti kikavu na kijiti kibichi vya unene mmoja, waya laini wa kufungia, kamba ya mkonge, msumari, na kipande cha chupa kilichozungushiwa kitambaa ili kisimkate mtu. Havigharimu hata shilingi. Mkishavipata, kaeni tuendelee.

Tunataka kuchambua neno moja ambalo sote hulitumia ovyo. Tunasema mbao hii ni ngumu, mama yule ni mgumu, mzee fulani ana kichwa kigumu, mwingine ana roho ngumu, na mkopo wa benki ni mgumu kupata. Neno moja limebebeshwa mizigo mitano. Kiswahili kina maneno mengine ya karibu, kama vile imara, shupavu, sugu na kakamavu. Leo tutachukua mawili tu. Ugumu ni kukataa kukwaruzwa au kubonyezwa. Ukakamavu ni kukataa kuvunjika, hata kitu kikipigwa, kikipindwa au kikianguka. Mwalimu wa lugha anaweza kubishana nami hapa. Wacha abishane, mafundi wanahitaji maneno mawili tofauti na sisi tutayapanga hivi kwa kazi ya leo.

Sasa fanyeni jaribio. Kwaruzeni msumari kwa kipande cha chupa. Chupa inaacha alama kwenye chuma, kumbe chupa ni ngumu kuliko msumari. Lakini angusheni vyote viwili juu ya jiwe na kila mtoto anajua ni kipi kitakachokusanywa kwa ufagio. Vunjeni chaki: inakatika papo hapo, mkato safi, ingawa ni laini hata kucha inaikwaruza. Kwa hiyo si kweli ati kila kilicho laini hupinda. Pindeni kijiti kikavu, kisha kile kibichi. Kikavu kinalia "ta!" na kwisha. Kibichi kinapinda, kinapasuka upande mmoja, nyuzi zinashikana, na hata mkikizungusha bado hakitaki kuachana. Kile kibichi ndicho kikakamavu. Angalieni hasa zile nyuzi, kwa maana tutazirudia.

Wengi wenu mmefika Jamhuri Park, Nairobi, kwa maonyesho ya kilimo na biashara. Mkitoka pale na kufuata Ngong Road kuelekea Dagoretti Corner, mnapita sehemu ambazo kwa miaka mingi mafundi wa jua kali wamefanya kazi kando ya barabara: vitanda, viti, milango ya vyuma. Wengine wako Kamukunji na Gikomba, upande wa pili wa mji. Fundi anayetengeneza patasi au panga kutokana na chuma kikuukuu hupenda springi ya lori, na ana sababu. Ile springi imepindwa maelfu ya mara na mashimo ya barabara zetu na haikuvunjika.

Tazameni anavyofanya. Anaiweka motoni mpaka iwe nyekundu, anaifua kwenye umbo analotaka, anaipasha tena iwe nyekundu, kisha anaitumbukiza ghafla kwenye maji au oili. Hapo chuma kinakuwa kigumu sana. Ukipitisha tupa juu yake, tupa inateleza tu kana kwamba iko juu ya kioo. Mtu asiyejua kazi angesema patasi iko tayari. Fundi anajua kwamba akiipiga nyundo sasa hivi ncha yake inaweza kumeguka, au yote ipasuke. Basi anaisugua ing'ae, halafu anairudisha kwenye joto dogo, polepole, macho yake yakiwa kwenye rangi. Kwanza inakuja rangi ya manjano kama majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Kwa ncha ya kukatia anasimama kwenye manjano au kahawia. Kwa springi anangoja buluu. Kila rangi inayopita, chuma kinapoteza ugumu kidogo na kupata ukakamavu kidogo. Hakuna rangi inayompa vyote kwa ukamilifu. Inabidi achague kulingana na kazi, na mwenye patasi na mwenye springi hawachagui sawa.

Sasa tuingie katikati ya mji. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na zaidi asubuhi, bomu lililobebwa kwa lori lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani, kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Jengo la Ufundi lililokuwa karibu liliporomoka. Jengo refu la Co-operative Bank lilibaki limesimama, likakarabatiwa baadaye, lakini vioo vyake vilimwagika. Watu 213 walikufa Nairobi na maelfu wakajeruhiwa. Kabla ya mlipuko mkubwa kulikuwa na mlio mdogo, na watu maofisini wakakimbilia madirishani waone kuna nini. Kioo cha kawaida kilipopasuka kiligeuka visu, na ndiyo maana wengi sana waliumia macho, na wengine wakapofuka kabisa.

Kuna vioo vya aina nyingine. Kioo cha pembeni cha gari hupashwa moto kiwandani na kupozwa haraka kwa upepo. Kikivunjika kinakuwa punje ndogo zisizo na makali marefu. Kioo cha mbele cha matatu ni kingine tena. Ni tabaka mbili za kioo na katikati yake utando laini wa plastiki. Mmeona matatu yenye kioo kilichojaa nyufa kama utando wa buibui, na bado inabeba abiria? (Haifai, lakini mmeiona.) Kioo kimepasuka, ila vipande vimeshikwa na kile kitu laini cha katikati. Vigumu viwili vikishikanishwa na kilaini kimoja vinakuwa vikakamavu kuliko vigumu viwili peke yake. Katibu aandike jambo hilo pembeni.

Konkriti, au zege, ni ndugu ya kioo kwa tabia. Ukiikandamiza kutoka juu inabeba mzigo mkubwa. Ukiivuta au kuipinda inakatika mapema. Nguvu yake ya kuvutwa ni karibu sehemu moja kwa kumi tu ya nguvu yake ya kukandamizwa. Ndiyo sababu ndani yake huwekwa nondo, maana chuma kinavutika bila kukatika upesi. Boriti nzuri ikizidiwa huonyesha nyufa na kulegea kwanza, watu wapate nafasi ya kutoka. Isiyo na chuma cha kutosha huanguka bila hodi.

Hapa pana jambo linalotuhusu moja kwa moja, kwa kuwa vikundi vingi vinajenga vyoo, madarasa na matangi. Watu hudhani simiti inakauka kama nguo kwenye kamba. La! Simiti inashikana kwa kunywa maji. Ukiiacha jua liyanyonye maji yale siku ya kwanza, umeinyima chakula. Mwagieni maji au mfunike kwa magunia mabichi kwa siku 7 angalau, na jueni kwamba nguvu yake hupimwa ikifika siku 28. Wala msiongeze maji wakati wa kuchanganya ili kazi iwe nyepesi. Uji mwepesi ni rahisi kumimina, lakini yale maji ya ziada yakiondoka yanaacha vitundu, na vitundu ni udhaifu. Kipimo cha kawaida ni simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne, na maji ya kulowanisha tu. Tarehe 23 Januari 2006 jengo lililokuwa linajengwa katikati ya Nairobi liliwaporomokea mafundi na wapita njia, na watu zaidi ya 10 wakafa. Ilisemekana ghorofa zilipandishwa haraka kabla ya konkriti ya chini kukomaa. Mkandarasi akiwaambia hana wiki ya kungoja, mwulizeni ana wiki ngapi za kuchimbua watu.

Akina mama waliojenga matangi ya maji ya mvua kwa waya wa kuku na simiti wanajua siri nyingine. Ukuta ule ni mwembamba kama kitabu kinene tu, lakini unashikilia maelfu ya lita. Simiti peke yake ingepasuka wiki ya kwanza. Waya wa kuku peke yake haushiki hata kikombe cha maji. Vikiwa pamoja, ufa unapoanza unakutana na uzi wa waya na kusimama. Nyumba ya udongo ni hivyo hivyo: udongo mtupu hupasuka ukikauka, lakini ukichanganywa na nyasi zilizokatwa na mavi ya ng'ombe hushikana. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi kadhaa Kenya vilifundishwa kutia nyuzi za mkonge katika vigae vya simiti kwa sababu hiyo hiyo. Sasa chukueni ile kamba ya mkonge mliyoleta, ifumueni, mwone uzi mmoja ulivyo dhaifu. Mtoto anaukata.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nao walisema kweli hata kwa vyuma na plastiki. Nguvu inayopita ndani ya kitu ikifika kwenye ufa haina pa kupita, basi inazunguka na kusongamana pale penye ncha ya ufa. Ncha ikiwa kali, nguvu nyingi inakusanyika mahali padogo, na ufa unasonga mbele. Kwa hiyo fundi akiona bati nene au chombo cha plastiki kimeanza kupasuka, anatoboa tundu dogo la duara pale pale ufa unapoishia, kisha ndipo anaziba. Mtu mgeni anashangaa: mbona unatoboa kitu kilichopasuka? Anatoboa ili ile ncha kali iwe mviringo na nguvu isambae. Kitu kikakamavu hakikosi nyufa. Hata springi ya lori ina mikwaruzo. Tofauti ni kwamba ndani yake ufa haukimbii.

Tumezungumza vya kutosha juu ya vitu. Je, binadamu?

Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wazee kadhaa, wengi wakitoka mashambani kama sisi, walikaa chini katika Uhuru Park, Nairobi, pembeni panapoitwa sasa Freedom Corner, wakakataa kula. Watoto wao walikuwa wafungwa wa kisiasa. Miongoni mwao alikuwa Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, na pamoja nao alikuwa Profesa Wangari Maathai. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na hewa ya machozi. Wangari Maathai alipigwa mpaka akazimia. Baadhi ya wale mama walivua nguo mbele ya askari, na kwa mila zetu mnajua uzito wa laana hiyo. Hatuhitaji kuieleza zaidi.

Waliondolewa pale kwenye nyasi. Mtu akiangalia siku ile angesema wamevunjwa. Kumbe walihamia kanisa kuu la All Saints, hatua chache tu kutoka pale, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 wafungwa karibu wote waliokuwa wakidaiwa waliachiliwa.

Naomba kikundi kisipite hapa haraka. Kama ugumu ndio ungekuwa kipimo, wale mama walishindwa: walikuwa wazee, walikuwa na njaa, hawakuwa na silaha hata fimbo, na waliondoka mahali walipoapa kukaa. Serikali ndiyo iliyokuwa ngumu. Lakini tazameni mapigo yalikwenda wapi. Yalipita kati ya watu wengi. Mmoja alipokuwa hospitalini wengine walikuwa wamekaa. Walipofukuzwa mahali pamoja walisogea pengine bila kuacha neno lao. Walipinda na hawakukatika, na waliwazidi wenye virungu kwa muda. Nadhani huo ndio ukakamavu kamili wa binadamu ambao mji ule umeonyesha katika maisha yetu, na haukuwa wa vijana wenye misuli.

Hata hivyo kuna upande mwingine wa habari hii ambao hausemwi sana. Chukueni ule waya laini. Upindeni mbele, upindeni nyuma, mbele, nyuma. Mara ya kwanza hauoni shida. Endeleeni. Mtahisi mahali panapopindwa panakuwa pagumu zaidi, panakataa kupinda, na mara unakatika mkononi. Hakuna pindo hata moja lililokuwa kubwa. Ni kurudiarudia. Mafundi huita jambo hili uchovu wa chuma, na huvunja springi za lori pia, mwisho wake. Na kumbukeni kwamba waya ulizidi kuwa mgumu kabla ya kukatika.

Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, fujo zilizuka, na Jamhuri Park, pale pale tunapoenda kutazama ng'ombe wa gredi na mashine za matofali, ikawa kambi. Maelfu ya watu kutoka Kibera na mitaa ya karibu walikimbilia humo na mablanketi na watoto. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 walikufa kabla na baada ya mkataba wa amani wa tarehe 28 Februari 2008. Wageni wengi walifika kambini, wakatazama mama anayepika juu ya mawe matatu kando ya banda la maonyesho, wakasema, "Watu hawa ni wakakamavu kweli!" Ilikuwa sifa, na ilikuwa kweli. Lakini sifa hii ina hatari yake. Ukishaamua kwamba mtu ni mkakamavu, ni rahisi kumwongezea mzigo, au kumwacha na ule alionao. Hakuna mtu anayemsifu springi. Anapakia tu mifuko zaidi.

Katika vikundi vyetu mambo ni hayo hayo. Kila kikundi kina mama mmoja asiyekataa. Yeye ndiye mweka hazina, ndiye anayeenda ofisi ya chifu, msiba ukitokea ndiye anayepika, mgeni akija analala kwake. Tunasema, "Huyo ni mgumu, hachoki." Tazameni vizuri. Kama siku hizi anajibu kwa ukali, halii tena, hacheki tena, basi huenda amefika pale waya unapokuwa mgumu. Kumpumzisha miezi mitatu ni rahisi kuliko kumtafuta mwingine.

Tutazame na kanuni zenu. Kuna chama kilicho kama chaki au kioo: mtu akikosa mchango mara moja anafukuzwa, hakuna maswali. Sheria zinang'aa kwenye karatasi, na mwaka wa ukame wa kwanza nusu ya wanachama wameondoka. Kuna kingine kilicho kama udongo mbichi: kila mtu anasamehewa kila kitu, mpaka zamu ya wa mwisho inapofika hakuna pesa. Katikati ndipo pa kutafuta, na hakuna kipimo kimoja kwa wote. Kikundi cha wauza mboga wanaopata pesa kila siku hakiwezi kupika chuma chake kwenye rangi moja na kikundi cha wakulima wanaongoja mavuno. Mfuko mdogo wa dharura, hata wa shilingi chache kwa kila mkutano, ndio unaowapa nafasi ya kupinda. Na wanachama wawili wagumu wakigombana, msiwakalishe ana kwa ana peke yao. Rudini kwenye lile jambo la kioo cha matatu ambalo katibu aliandika pembeni.

Maswali ya kuzungumza kabla ya kuachana:

Katika kikundi chetu, ufa uliopo sasa uko wapi, na ncha yake imefika kwa nani?

Kanuni yetu ya faini tuliiandika mwaka gani? Je, imewahi kumfukuza mtu ambaye tungemhitaji leo?

Ni nani anayebeba mizigo mingi mno? Asijibu mwenyewe, wengine wamtaje, kisha waseme ni mzigo upi watakaouchukua kuanzia wiki hii, na nani.

Kwa wale wenye ujenzi: maji ya kumwagia konkriti kwa siku 7 yatatoka wapi, na zamu ya kuyateka ni ya nani siku ya tatu, ambayo ni siku ya soko na watu wote watakuwa wameenda?

Vipande vya chupa vizikwe mbali na watoto. Kamba ya mkonge mnaweza kuirudisha kwa mwenyewe, kama bado inashikana.